Sentensi Thelathini na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi. Mimi nimeanza saa nne na dakika kumi. Nimeisogeza meza ya kulia chakula hadi dirishani, nikapanga kompyuta, kamusi, kalamu mbili nyekundu na daftari hili. Mama alipita mara tatu bila kusema kitu. Mara ya nne akasimama.

"Sasa sisi tutakula wapi?"

"Nitatoa vitu wakati wa kula, Mama."

"Na hiyo kazi yenyewe ni ipi hasa?"

"Kusahihisha vitabu vya watu kabla havijachapwa."

"Kwani wenyewe hawakusoma?"

Nina shahada ya lugha. Nimefundisha mwaka mzima kwa mkataba ambao haukuongezwa. Na leo nimeshindwa kumweleza mama yangu mzazi kazi yangu kwa sentensi moja akaelewa.

Makubaliano yetu ni haya: amenipa mpaka mvua zikatike. Kama mpaka hapo sijashika kitu cha kueleweka, nakwenda kukaa dukani kwa mjomba, anakouza saruji na misumari, niwe namwandikia stakabadhi. Sina ugomvi na misumari. Lakini najijua: nikiingia pale sitatoka.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu wangu ni mhariri mstaafu. Alikaa kwenye shirika moja la uchapishaji miaka thelathini, na sasa anafundisha kwa simu na barua pepe akiwa nyumbani kwake. Tuko wanafunzi watatu, na wenzangu sijawahi kuwaona. Mwisho wa masika atapeleka shirikani jina moja, liingizwe kwenye orodha ya wahariri wanaofanyia kazi nyumbani. Jina moja tu. Humu nitamwita Mzee Nukta, kwa sababu hata kwenye simu unasikia mahali anapoweka nukta.

Leo amenirudishia zoezi la kwanza. Nilikuwa nimekamata makosa arobaini, nikajiona bingwa. Yalikuwamo tisini na moja.

"Umesoma kwa macho," alisema.

"Nisome kwa nini kingine, Mwalimu?"

"Kwa mdomo. Macho yanajua unachotarajia, basi yanakuletea hicho hicho. Soma kwa sauti. Neno kwa neno. Kama unamsomea mtu asiyekupenda."

Akakata simu. Haagi.

Jumanne, 12 Machi

Kusoma kwa sauti katika nyumba ya vyumba vitatu ni kujitangaza kichaa. Kaka yuko mbali kikazi, lakini mkewe yupo, na cherehani yake iko sebuleni, hatua nne kutoka mezani kwangu. Wifi anashona sare za shule. Mguu wake ukishuka kwenye pedali, sentensi yangu inakatika katikati.

Zoezi la leo lilikuwa ripoti ya mkutano wa kamati ya maji. Nimefika ukurasa wa tatu, cherehani ikanyamaza.

"Wifi."

"Naam."

"Huyo mwenyekiti, hata akimwomba mkewe taulo anaongea hivyo hivyo?"

Akacheka peke yake mpaka akaangusha kitambaa. Sikucheka. Nilikuwa nimepoteza mstari. Wifi ni mtu mwema lakini aliishia darasa la saba, na kwake kila kilichoandikwa ni redio: kipo cha kumsindikiza akishona.

Ijumaa, 15 Machi

Hakuna umeme. Betri imekufa nikiwa ukurasa wa nne.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuna umeme.

Alhamisi, 21 Machi

Safari hii sikukosa hata herufi moja. Nilikuwa nasubiri sifa.

"Unamwogopa mwandishi?" akauliza Mzee Nukta.

"Hapana, Mwalimu."

"Unamwogopa. Ukurasa wa pili amesema barabara ilikuwa mbovu. Ukurasa wa tano barabara ilikuwa mbovu. Wa tisa, mbovu tena. Umeweka koma zake vizuri kabisa, ukamwacha aendelee kulalamika."

"Nilidhani anasisitiza."

"Amesahau kwamba ameshasema. Msomaji si kiziwi. Akiambiwa mara moja amesikia. Kata."

Nimeandika KATA kwa wino mwekundu kwenye karatasi, nikaibandika dirishani. Mama ameiona wakati wa chakula akaniuliza nimegombana na nani.

Jumatano, 27 Machi

Kwa kuwa upo, anua nguo, mvua hiyo. Kwa kuwa upo, mfungulie mtu wa gesi. Kwa kuwa upo, mpigie shangazi yako umuulize anaendeleaje, na ukipiga usikate haraka. Nguo zimeanuliwa na kuanikwa mara tatu tangu asubuhi, maana jua linachungulia dakika kumi kisha linajificha, na kila linapochungulia Mama ananiita. Ningekuwa kwenye ofisi yenye mlango na mlinzi, hata ningekuwa nasinzia humo, angenipigia simu kwa adabu.

Leo nimepandisha sauti. Nikamwambia niko kazini. Akanitazama pale nilipokaa na kanga mabegani, miguu peku, akasema taratibu, "Haya, bosi," akaenda kuanua mwenyewe. Hiyo "haya, bosi" naisikia masikioni tangu mchana.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepewa kitabu. Kitabu cha kweli, si zoezi. Kila mmoja wetu watatu kapewa chake, na kazi tutakazotoa ndizo zitakazoamua jina gani linakwenda. Changu ni kumbukumbu za mkunga mstaafu, madaftari saba yaliyoandikwa kwa mkono. Niyachape, niyahariri, na tarehe 24 kiende kwa msanifu anayepanga kurasa.

Nimeyafuata mwenyewe. Anaishi nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba ya chini yenye ngazi mbili zilizopakwa rangi nyeupe ukingoni ili azione. Macho yake yana ukungu. Anakuona kama umbo tu.

"Wewe ndiye mhariri? Nilidhani wataniletea mtu wa makamo."

"Ni mimi, Bibi."

"Bibi wa nani? Niite Mkunga. Hilo jina nimelifanyia kazi."

Alinawa mikono kabla hajanikabidhi madaftari, polepole, hadi kwenye viwiko, kama ananikabidhi kitu kinachoweza kupata homa. Akasema maandishi yake mwenyewe hawezi tena kuyasoma, kwa hiyo ananitegemea.

"Herufi zilizokosewa, rekebisha. Mengine yabaki yalivyo."

"Sawa, Mkunga," nikasema, kwa ile sauti tunayowakubalia wazee ili tuondoke.

Jumamosi, 6 Aprili

Nachapa huku nikisoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Mkunga anajua kusimulia, hilo siwezi kumnyima. Kuna mzazi aliyejifungua kwenye kibanda cha kukatia tiketi huku watu wamejipanga foleni nje. Kuna mwingine aliyemng'ata mumewe mkono, na mume akawa anauonyesha mtaani kama nishani.

Lakini kila anapomaliza kisa, kila anapomaliza, anaandika: *Mama mzima, mtoto mzima, nikanawa mikono.* Sura ya kwanza niliipenda hiyo sentensi. Sura ya tatu nikaizoea. Sura ya sita imeanza kunikera kama bomba linalodondosha. Na Wifi ameshaikariri. Nikikaribia mwisho wa kisa anasimamisha cherehani, na tunaimaliza pamoja kama kiitikio, yeye kwa mbwembwe, mimi nikisaga meno.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kubwa, mabati yanapiga kelele hadi sijisikii. Nimechapa sura mbili. Nilipomaliza ya kumi na moja Wifi aliacha kushona ghafla, akatoka kusimama barazani. Alikaa huko muda mrefu. Nilishukuru kupata utulivu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemaliza kuchapa. Mgongo, vidole, macho. Sina neno jingine.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nimekata.

Nimeihesabu kwanza ile sentensi. Imo mara thelathini na sita. Thelathini na sita! Nikaitazama karatasi yangu ya dirishani, nikaacha ya kwanza na ya mwisho, nikaondoa thelathini na nne. Mwanzoni mkono ulisita. Baada ya ile ya kumi nikaanza kusikia raha, ile raha ya kung'oa magugu udongo ukiwa umelowa, yanatoka na mizizi yake. Visa sasa vinakimbia. Kimoja kinaingia kwenye kingine bila kugonga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimeshika kazi ya mtu mwingine nikaona mikono yangu ndani yake, na haikuniaibisha.

Ijumaa, 19 Aprili

Mzee Nukta amesoma chote. Amepiga simu saa tatu asubuhi. Aliweka neno moja, akaweka nukta.

"Safi."

Kisha, kabla hajakata: "Ule wimbo wake umeuondoa vizuri. Wengine wangeuacha kwa huruma."

Nimetembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta. Nimemwambia Mama. Hakuelewa ni wimbo gani, lakini alinitazama usoni, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka.

Jumatano, 24 Aprili

Kimekwenda. Nimeyakubali mabadiliko yote, alama nyekundu zikapotea, kikabaki kitabu kisafi kana kwamba kilizaliwa hivyo. Nimekituma kwa msanifu saa tano, na madaftari nimeyarudisha kwa mwenyewe. Mzee Nukta anasema jina atalipeleka Jumatatu ya tarehe 6, na kwamba nisinunue viatu vipya bado, wala nisivitupe vya zamani. Nadhani ulikuwa utani. Sina uhakika.

Jioni nimemsikia Mama akiongea na jirani ukutani. "Yuko ndani, anafanya kazi. Ni mhariri." Akalitamka vizuri kabisa. Lazima alikuwa amelifanyia mazoezi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimefunga mlango kwanza, ndipo naandika hili.

Asubuhi nilikuwa na furaha na nilikuwa sina kazi. Nikafungua kitabu nikaanza kusoma kwa sauti, kwa starehe tu. Wifi alikuwa anaweka vifungo. Nikasoma sura ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja: mzazi wa miaka kumi na tisa, nyumba ng'ambo ya daraja, uchungu wa siku mbili, mama mkwe anachemsha maji, mtoto wa kike analia. *Mvua ilinyesha hadi asubuhi. Nilirudi kwa miguu.* Nikaingia sura ya kumi na mbili.

"Ngoja, Wifi," akasema. "Mbona huyu sasa hajafa?"

"Nani?"

"Huyu binti wa ng'ambo ya daraja. Ulivyosoma ile mara ya kwanza alikufa."

"Hakufa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikufa."

"Najua hapakuandikwa." Alikuwa na sindano mkononi, haitumii. "Kila mmoja Mkunga anamsemea. Mama mzima, mtoto mzima, nikanawa mikono. Wote. Nikawa naisubiri na huyu, mdomo niko nao wazi, nimsemee. Haikuja. Mtoto kalia, mvua imenyesha, yeye karudi kwa miguu. Hata mikono hakunawa. Nikasema, eeh, huyu basi. Nikatoka nje, machozi yananitoka, nisikuharibie kazi."

Nilisema kitu cha kijinga. Nilisema, "Labda alisahau kuandika."

"Thelathini na ngapi hizo, halafu asahau moja?" Sauti yake haikuwa na ubishi wowote. Alikuwa ananieleza, kama mtu anayemwonyesha mwingine upande wa juu wa kitambaa. "Ila sasa hivi naona hamsemei mtu yeyote. Kwa hiyo huyu naye ni kama wenzake tu. Kabaki na mtoto wake."

Nilikwenda chumbani nikakaa juu ya kitanda. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza. Kitabuni wamo wazazi thelathini na saba. Nilihesabu sentensi. Sikuhesabu wazazi.

Jumapili, 28 Aprili

Hakuna anayejua. Mkunga haoni kusoma. Mzee Nukta kasema safi. Msanifu anapanga kurasa, na kurasa hazimwambii kitu. Wifi anajua, lakini Wifi hajui uzito wa anachokijua. Nikinyamaza siku nane tu, jina linakwenda.

Nimejaribu kujishawishi kwa kila namna. Kwamba labda Wifi ametia chumvi. Kwamba msomaji mwingine asingeona. Kwamba kitabu kinasomeka vizuri zaidi, na hilo ni kweli, kinasomeka vizuri sana, na ndilo linaloniumiza. Mvua haijanyesha leo. Mbingu imekaa tu, nzito, haisemi ndiyo wala hapana.

Jumatatu, 29 Aprili

Mama kaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekwenda. Njia nzima ilikuwa tope, nikafika viatu vimekuwa mikate miwili ya udongo. Mkunga akasikia hatua zangu akasema, "Mhariri. Kimetoka tayari?"

"Bado, Mkunga. Nimekuja kukusomea."

Nilimsomea sura ya kumi na moja kama ilivyo sasa. Alisikiliza kichwa kimeinama upande. Nilipofika *nilirudi kwa miguu*, nikanyamaza.

"Sawa," akasema. "Na ile ya kumi umeishiaje?"

Nikamsomea mwisho wa ya kumi.

"Na ya tisa?"

Nikamsomea mwisho wa ya tisa. Akanyoosha mkono hewani, ukanitafuta, ukakuta meza, ukatulia pale.

"Umeitoa."

"Nimeacha mbili. Ya mwanzo na ya mwisho."

"Kwa nini?"

"Niliona zinajirudia."

"Zinajirudia," akasema. "Mwanangu, kuzaa kunajirudia. Wewe ulidhani nafanya kazi gani?" Kisha: "Kumbe umewafufua wote. Au umewaua wote. Sijui lipi baya zaidi."

Nilimwambia samahani. Akaipokea kama mtu anayepokea risiti.

"Nilikaa kumwandika yule mara nane," akasema. "Mara nane kalamu inafika pale, mkono unakataa. Nimeshika watu wakiaga dunia, sikatai, lakini kuandika kwa mkono wangu kwamba yule amekufa, sikuweza. Na uongo sikutaka kuuandika. Nikasema basi. Nitawasemea wote, yeye nitamnyamazia. Mwenye kusoma atajua."

"Sikujua," nikasema. "Wifi yangu ndiye aliyejua."

"Mtoto yule unayemsikia analia, leo ana miaka ishirini na mitatu. Anakuja hapa kila mwezi kunikata kucha. Kila akija ananiuliza, 'Mama yumo kitabuni?' Namwambia yumo. Sasa akinunua kitabu akafungua, atamkuta mama yake kabaki mzima mzima, amempakata. Niambie wewe uliyesoma. Nitamjibu nini?"

Nje watoto walikuwa wanaruka dimbwi na kuhesabiana.

"Utafanyaje?"

"Nitazirudisha."

"Zote?"

"Zote."

"Na mkubwa wako?"

"Atanifuta."

"Basi kafutwe," akasema Mkunga, bila ukali, akanisukumia madaftari yote saba. "Ukimaliza njoo unisomee tena. Safari hii usiniruke."

Alhamisi, 2 Mei

Nilimpigia Mzee Nukta jana, hakupokea. Leo kapokea. Nilimweleza lote kwa pumzi moja, nikiwa nimesimama.

"Kurasa zimeshapangwa," alisema. "Sentensi thelathini na nne. Kila moja itasukuma ukurasa wake, na ukurasa utasukuma unaofuata, hadi mwisho."

"Najua, Mwalimu."

"Nani aliyesema kazi ni safi?"

"Wewe, Mwalimu."

Nikasikia akiweka kitu mezani.

"Kwa hiyo niwapigie shirika. Niwaambie, baada ya miaka thelathini, nimepitishiwa maiti mbele ya macho sikuiona."

Nilitaka kumwonea huruma, lakini hasira ndiyo iliyotangulia, imejilimbikiza tangu Machi. "Wewe ndiye uliyenifundisha kukata," nikasema. "Nilikata. Ukanisifu. Hukuniuliza hata siku moja kama nimejua ile sentensi inafanya kazi gani, na mimi sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nataka useme safi. Sasa mimi nazirudisha. Wewe fanya unavyoona."

Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

"Nitawapigia," alisema mwisho. "Leo. Lakini elewa. Siwezi kuwapelekea jina la mtu ambaye kitabu chake cha kwanza kimerudishwa kutoka kwa msanifu. Wataniuliza, na sitakuwa na jibu. Jina litakuwa la mwenzako."

"Naelewa."

"Vizuri."

Kwa mara ya kwanza alisubiri mimi ndiye nikate.

Jumamosi, 4 Mei

Nimemwambia Mama kwamba orodha nimeikosa. Nilijiandaa kwa "nilikwambia". Aliuliza kosa lilikuwa nini. Nikamweleza, na ajabu ni kwamba hili alilielewa lote, tangu mwanzo hadi mwisho, kuliko yote niliyowahi kumweleza kuhusu kazi hii.

"Ukazirudisha?"

"Ndiyo nazirudisha sasa."

Akatoka. Akaanua nguo mwenyewe, hakuniita.

Jumatatu, 6 Mei

Kazi inakwenda kama konokono. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nafanyia kila kitu kwenye faili moja, sikujiwekea nakala, kwa hiyo kila sentensi naitafuta daftarini, naisoma, naipeleka mahali pake. Kosa hilo ni la mtoto wa shule na ni langu peke yangu.

Lakini kuna mambo nayaona. Hazikuwa sawa zote. Kwa mapacha kaandika *watoto wazima*. Kwa yule wa kibanda cha tiketi hakuna *nikanawa mikono*, kwa sababu pale hapakuwa na maji. Zile za kawaida kompyuta ilinitafutia, nikafuta, na hizi zilizotofautiana nikazifuata moja moja, kwa bidii, nikizilaani kwa kujificha. Nilizitazama kwa macho yangu mawili nikazing'oa.

Leo ndiyo siku ya jina. Limekwenda. Si langu. Nimerudisha sentensi kumi na tisa.

Alhamisi, 9 Mei

Zote thelathini na nne. Nimemsomea Mkunga kitabu chote kwa siku mbili, asubuhi na alasiri, sauti imenikauka. Kwenye sura ya kumi na moja nilifika mwisho nikanyamaza, naye akanyamaza. Hakuniambia niendelee hadi chai ikapoa. Mwishoni kabisa alisema, "Sasa ni changu." Hakunishukuru, na nilimwona ana haki.

Nimetuma kwa msanifu. Kajibu kwa neno moja ambalo sitaliandika humu.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya tano bila mvua. Mjomba kapiga simu, kaongea na Mama. Naanza Jumatatu, asubuhi hadi saa saba.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeandika stakabadhi hamsini na mbili. Mteja mmoja kataka mabati ishirini, mjomba kakosea kasema kwa sauti kumi na tisa, nikaandika ishirini, akanisifu mbele ya watu. Njia nzima ya kurudi nimejaribu kufurahia hilo.

Nilikuwa nakula, simu ikaita. Mzee Nukta.

"Ni nani aliyeona?" Hata salamu hakutoa.

"Aliyeona nini, Mwalimu?"

"Yule aliyekufa. Ulisema si wewe. Nimelifikiria wiki nzima. Ni mhariri?"

"Ni wifi yangu. Fundi cherehani."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Nipe namba yake."

Nilitafuna tonge langu hadi likaisha. Miezi miwili na ushee. Koma zote zile, ripoti ya maji, betri, mgongo, jina likaenda la mwenzangu, na sasa anataka namba ya Wifi.

"Namba yake ni hii hii unayoipigia," nikasema. "Anapatikana kupitia kwangu."

Nilidhani atakata. Alitoa sauti ambayo, kwa mtu mwingine, ningeiita kicheko.

"Nina mswada wa dereva wa lori mstaafu," alisema. "Kurasa mia tatu. Shirika halihusiki, ni kazi yangu mwenyewe, na orodha haimo humo. Utausoma wote kwa sauti kabla hujashika kalamu. Wote. Naye awepo."

Nikafunika simu kwa kiganja, nikamweleza Wifi. Alikuwa na pini nne mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka begani.

"Mia tatu? Mwambie nina sare sitini za kumaliza. Ila tukianza saa kumi, mikono inashona, masikio yapo tu."

Nikamwambia Mzee Nukta kwamba amekubali.

"Mwambie asante," akasema.

Mimi hajawahi kuniambia neno hilo. Hata leo hakuniambia mimi, lilipita tu sikioni mwangu likielekea hatua nne mbele. Nikageuka nikamfikishia Wifi kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

"Amesema asante."

"Haya," Wifi akasema, akakanyaga pedali.